Bibi wa Zirai aliniambia nipige boksa pasi, nikacheka. Yaliyonikuta siku ya posa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mabondeni na wa milimani.

Leo mvua imenifungisha kazi mapema hapa Lushoto, na hatimaye nimepata ruhusa ya kuandika jambo ambalo nilikatazwa kwa zaidi ya mwaka. Yote mtakayosoma yametokea, na yamenitokea mimi, tena mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu kovu. Itabidi mniamini kwa maneno.

Anayekula sasa hivi amalize kwanza. Nimeshasema.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Mlola, ila kazi nafanyia Lushoto mjini, kwenye kibaraza karibu na soko. Nina pasi mbili za mkaa na moja ya umeme. Hizo pasi zikumbukeni.

Zaina nilimpata hapo hapo kibarazani. Alikuwa anafundisha chekechea hapa mjini, akaniletea gauni la kupunguza kiunoni. Kazi ya nusu saa. Mimi niliifanya wiki tatu, kila akija namwambia bado kidogo, njoo kesho. Mara ya nne akaweka mkono kiunoni akaniambia, "Fundi, hili gauni unalipunguza au unalisomea?"

Nikajua huyu ndiye.

Basi mambo yakaenda, tukaelewana, na Zaina akanipa sharti moja tu. Niende kwao Zirai nikaonekane na wazee kabla ya kupeleka posa. Baba yake, Mzee Salehe, hataki kusikia habari za kijana asiyemjua sura.

Kwa msioijua Zirai, ni Usambara ileile lakini ya mashariki, upande wa Muheza. Kutoka kwetu unateremka milima hadi Mombo, unapita Korogwe, unafika Muheza, halafu unapanda tena milima mingine. Nilidhani mlima ni mlima, Mshambaa akishapanda yuko nyumbani. Hapo ndipo nilipokosea, ila sikujua.

Nilifika jioni nikiwa na zawadi zangu na suruali niliyoishona mwenyewe. Wakanipokea vizuri mno. Kule wanalima iliki, karafuu, mdalasini, yaani hata maji ya kunawa yananukia chai.

Sasa kuna watu wawili pale lazima muwajue, maana stori yote iko mikononi mwao.

Wa kwanza ni Mama Zaina, mama mkwe mtarajiwa. Heshima tupu. Nikitokea, anavuta ukingo wa khanga kichwani na kutazama pembeni, nami natazama vidole vyangu vya miguu. Siku zote nilizokaa pale, maneno yetu hayakuzidi shikamoo na marahaba. Ndivyo inavyotakiwa, na mimi sikutaka kuharibu.

Wa pili ni Bibi Hawa, mama yake Mzee Salehe. Huyu sasa!

Nilipompa shikamoo tu, akanijibu, "Marahaba mume wangu. Mbona umechelewa hivi, nimezeeka nakusubiri."

Watu wakacheka, na utani ukaanzia hapo bila kupoa. Nikila, bibi anasema mume wangu anakula kwa aibu, nimwachie sahani alambe. Nikitoka, anauliza mume wangu unanikimbia? Asubuhi alinigongea mlango kwa Kishambaa, "Onga makeo!" na kabla sijaitikia akaongeza kwamba mwanaume wake wa kwanza alikuwa anaamka kabla ya kuku.

Nilimpenda yule bibi kuliko nilivyompenda mjukuu wake, na mjukuu wake analijua hilo.

Siku ya pili ilinyesha. Mzee Salehe akanitembeza shambani, nikateleza, nikakalia tope mbele ya mkwe. Niliporudi, Zaina akataka kunifulia. Nikakataa. Nilitaka wazee waone kwamba binti yao hachukuliwi na mtu mvivu. Nikaomba beseni na sabuni, nikafua suruali, shati na boksa zangu mbili mwenyewe, hadharani kabisa. Suruali na shati nikazitundika kwenye kamba, mbele ya nyumba, waone kazi ya fundi.

Boksa je? Boksa huwezi kutundika kwenye kamba mbele ya mama mkwe. Si mnaelewa? Nikaenda nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha miti, kwenye majani yenye unyevunyevu karibu na iliki, nikazitandaza kule kwa adabu zote. Kwetu Mlola nguo tunaanika hivyo hivyo, kwenye majani, kwenye ua, popote. Baridi ya kwetu haina neno na mtu.

Zikalala pale usiku kucha, na kesho yake hadi mchana.

Nilipokwenda kuzianua, Bibi Hawa alikuwa amekaa hapo nyuma anachambua iliki kwenye ungo. Akanitazama navyokunja.

"Mume wangu, hizo ukapige pasi."

"Hizi bibi?"

"Hizo hizo. Zote. Pande zote, na kwenye mshono wa kiuno."

Wakuu, nilicheka hadi nikashika mti. Mimi fundi, nipige boksa pasi! Nikamwambia, "Bibi, boksa haina kola."

Naye akacheka. Akaniambia, "Haya, shauri yako. Utanikumbuka."

Hebu niteteeni kidogo hapa. Mtu amekutania siku mbili mfululizo, kila neno ni mzaha, mara mume wangu, mara nitakuroga usinikimbie. Likija neno moja la kweli katikati, utalijuaje? Ningekuwa nimeambiwa na Mzee Salehe ningepiga pasi mpaka viatu. Lakini bibi? Nilijua ni utani kama mwingine.

Nikazitia kwenye begi hivyo hivyo, nikaaga, nikarudi Lushoto nikipiga mluzi njia nzima. Wazee walikuwa wamekubali tulete posa baada ya siku kumi na moja.

Boksa ya kwanza niliivaa siku mbili baadaye.

Mwanzoni ni muwasho tu, kwenye tako la kulia. Nikasema mbu. Siku ya nne pakawa na vipele vitatu vyekundu. Nikasema joto, ingawa Lushoto joto unalisikia kwenye redio. Siku ya sita vikawa majipu, kila moja na kitundu katikati, na kitundu kinatoa majimaji kidogo. Halafu, wakuu, halafu ikaanza ile kitu.

Ilikuwa inachoma kwa ndani. Unakuwa umetulia, unashona, ghafla unahisi mtu anakuchoma pini mara mbili tatu kisha anatulia. Unakaa, inachoma tena. Nikaanza kushona nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali. Wateja wanauliza, fundi, cherehani imepanda bei mpaka unaiogopa?

Hospitali sikwenda. Naona mnataka kunitukana, nitukaneni tu. Nilifikiria nitamwelezaje nesi, na nesi mwenyewe nilikuwa namshonea sare. Nikapaka dawa ya majipu na kuomba Mungu.

Siku ya posa ikafika majipu yakiwa yameiva hivi.

Msafara wetu ulikuwa gari moja la kukodi. Mbele alikaa Mjomba Idi, mshenga wetu. Mjomba Idi ni mtu wa itifaki. Amevaa kanzu, koti, kofia, na ana daftari la hotuba. Mimi kutoka Lushoto hadi Zirai nilisafiri nimepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, natazama barabara tunakotoka. Mjomba akageuka akaniuliza, "Unaomba dua au unaaga nyumbani?" Nikamjibu yote mawili.

Tukapokelewa. Viti vimepangwa sebuleni, wazee wa pale kama sita, Mzee Salehe katikati. Akina mama chumba cha pili, pazia limeachwa wazi kidogo. Nilimwona Zaina kwa sekunde moja amevaa gauni lile lile la wiki tatu, nikasahau maumivu kwa sekunde hiyo hiyo.

Mzee Salehe akaninyooshea kiti. "Karibu ukae, mwanangu."

"Asante baba, nimezoea kusimama."

Akakisogeza kiti karibu yangu.

"Kaa tu, hapa ni kwenu."

"Asante baba, napumzisha miguu."

Mjomba Idi akanikanyaga. Mara ya tatu Mzee Salehe alikitazama kiti kisha akanitazama mimi. Nikakaa. Nilikaa kwa tako la kushoto, nimeshika ukingo wa kiti, nikainama upande mmoja hivi na tabasamu usoni. Jasho linanitoka, na nje kuna ukungu.

Mjomba akafungua daftari. Akaanza tangu babu wa babu. Akasema tumekuja kutafuta kiko kilichopotea, mara tumeona ua bustanini, anazungushazunguka tu, na kila akizunguka wale wageni wangu wa takoni wanazunguka pia. Hatimaye akamaliza. Mzee Salehe akajikohoza. Akasema wao kama wazazi hawana kizuizi, binti ameshaulizwa na ameridhia. Kisha akanigeukia mimi, uso kwa uso, sauti ya upole kabisa.

"Kijana, nawe useme mbele ya wazee. Kuna lolote linalokukwaza kwa binti yetu?"

Wote watatu wakauma kwa pamoja.

"AAAIII!" Nikaruka juu, kiti kikaanguka nyuma yangu.

Nyuma ya pazia mtu aliangusha kijiko.

Mjomba Idi akajaribu. "Ni furaha," akasema. "Kwetu Mlola ndivyo tunavyofurahi."

Mzee Salehe hakucheka. Akasema polepole, "Tangu ameingia kijana amegoma kukaa. Nimemuuliza kuhusu mwanangu ameruka kama nimemtajia nyoka. Mimi mtu asiyekaa kwangu namwona ana safari. Tule kwanza. Mazungumzo mengine tutaona kama yapo."

Kama yapo! Nikatazama pazia, nikamwona Zaina amejishika mdomo, macho yamejaa machozi. Anadhani nimemkataa mbele ya ukoo wake. Ningefungua mdomo niseme nini? Kwamba samahani wazee, nina majipu matakoni? Mama mkwe yuko hatua tatu kutoka hapo. Bora nirudi Lushoto kwa magoti.

Chakula kikaletwa, pilau na mbuzi. Mimi nimesimama ukutani. Na hapo ndipo Bibi Hawa akatokeza kichwa kwenye pazia. Alinitazama usoni, akashuka kiunoni, akanizunguka mpaka nyuma, akarudi usoni. Akaanza kutikisika mabega.

"Mume wangu, njoo huku jikoni unisaidie."

Nikamfuata. Akanipeleka kwenye chumba chake, akafunga mlango.

"Ulipiga pasi?"

"Hapana, bibi."

"Na sasa wanauma?"

"Wanauma, bibi. Kina nani?"

Akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akanieleza. Kule kwao kuna nzi mmoja, anataga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Ukivaa bila kupiga pasi, yanaangulika, vibuu vinaingia kwenye ngozi bila wewe kujua, vinakaa humo vinakula na kunenepa. Kile kitundu ndipo wanapovutia hewa. Kule hata kitambaa cha mkononi kinapigwa pasi, mtoto mdogo analijua hilo.

"Nilikwambia kwenye mshono wa kiuno," akasema. "Haya, lala kifudifudi."

"Bibi, siwezi."

"Wewe si mume wangu? Nimezaa saba, nimekanda wajukuu ishirini, tako lako litakuwa na nini jipya? Lala!"

Nililala wakuu. Nilikuwa na uchaguzi gani?

Akachukua mafuta ya mgando, akapaka nene juu ya kila kitundu. Akaniambia tusubiri, wakikosa hewa watatoka kuchungulia. Tukasubiri. Uso wangu uko kwenye mto wake unaonukia karafuu, nje nasikia vijiko vya wazee kwenye sahani. Ikanijia fikra, nikaanza kucheka peke yangu. Mbuzi alikula majani ya Zirai. Wazee wanamla mbuzi. Mimi naliwa na watoto wa nzi wa Zirai. Katika sherehe nzima, mimi ndiye niliyelisha watu na sijaonja hata nyama.

"Huyo!" bibi akanong'ona. "Ametoa kichwa."

Akabana kwa vidole gumba viwili. Nikauma mto. Nikasikia kitu kimetoka, raha iliyofuata siwezi kuieleza kwenye jukwaa la watu wazima wenye heshima. Akanionyesha kwenye kisosi. Mweupe, mnene, ana miba midogo myeusi mwilini, anajinyonganyonga kama amekasirika kuamshwa. Alikuwa amenona kuliko mimi.

Wa pili akatoka vizuri. Wa tatu akagoma, na wakati bibi ameniwekea goti mgongoni ili apate nguvu, mlango ukagongwa.

"Mama, umeiona ile chupa ya sharubati?" Sauti ya Mama Zaina. Kitasa kikaanza kuzunguka.

Tako liko nje, mama mkwe yuko mlangoni. Basi ingekuwa si posa tena, ingebidi nihame mkoa.

Bibi Hawa alirusha mguu mmoja akauzuia mlango, mikono haijaachia. "Usiingie! Niko na mume wangu!"

Jiko zima likaangua kicheko. Mama Zaina akaondoka anasema bibi naye kazidi. Na pale pale, kwa kile kicheko, wa tatu akatoka.

Bibi akanisafisha kwa spiriti, akaniambia nivae, nikae chini. Nikakaa, tako lote! Nikainuka, nikakaa tena. Nilitaka kukaa kwenye kila kiti cha nyumba ile.

Lakini bibi alikuwa hajamaliza. Akafunika kisosi kwa kawa dogo, akanishika mkono, akanipeleka sebuleni kwa wazee. Nikamnong'oneza, bibi tafadhali. Hakunisikia, au hakutaka.

Akakiweka kisosi mezani mbele ya Mzee Salehe, mwanawe, akafunua.

Wazee wakasogeza shingo. Mmoja akaweka kijiko chini. Wote walijua ni nini, hawakuhitaji maelezo.

"Kijana hakuruka kwa sababu ya mwanao," bibi akasema. "Alikuwa amekaliwa. Alifua nguo kwako, akaanika kwako, akang'atwa na vya kwako. Siku tisa ametembea navyo, amesafiri navyo kutoka Lushoto, amekukalia kiti chako kwa adabu na vyote vitatu vinamla. Wewe Salehe ungeweza?"

Mzee Salehe akakivuta kisosi karibu.

"Sasa huyu amekwisha kuwalea wa Zirai watatu kwa damu yake mwenyewe. Na wewe bado unauliza kama atamlea mmoja?"

Sekunde moja. Mbili. Halafu Mzee Salehe akaanza kucheka kwa ndani, mabega kama ya mama yake, kisha kwa nje, mpaka kofia ikadondokea kwenye pilau. Mjomba Idi akacheka mpaka daftari la hotuba likamponyoka. Nyuma ya pazia mtu akapiga kigelegele, na nikaijua sauti. Alikuwa Zaina, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Kaa, mwanangu," Mzee Salehe akasema akijifuta macho.

Nikakaa. Hakuna mtu aliyewahi kukaa vizuri vile katika historia ya Usambara.

Posa ikapita siku ile ile. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Mama mkwe alijua au hakujua? Hakusema neno. Wakati wa kuaga alivuta khanga kichwani, akatazama pembeni, nikatazama vidole vyangu. Shikamoo. Marahaba. Nikajifariji kwamba hakusikia, labda alikuwa anatafuta sharubati.

Miezi mitatu baadaye tukafunga ndoa Zirai. Zawadi zikatolewa, sufuria, blanketi, mikeka. Zamu ya mama mkwe ikafika. Akaja na kitu kimefungwa kwenye khanga mpya, kizito, akaniwekea mikononi mwangu mimi, si kwa binti yake. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, nusu sekunde tu. Midomo ilikuwa inamcheza.

Nikafungua.

Ilikuwa pasi ya mkaa.

Ukumbi wote ulianguka. Bibi Hawa alilala chini kabisa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukianika nguo kwenye majani sehemu za joto, piga pasi, zote, na kwenye mshono wa kiuno. Ukiota jipu lenye kitundu na linakuchoma kwa ndani, wahi zahanati wakamtoe mdudu kwa usafi, usiwe mjinga wa kuona haya kama mimi. Na mtani wako akirudia jambo mara mbili, acha kucheka kwanza, usikilize.

Ruhusa ya kuandika haya nimepewa na Zaina leo asubuhi, wakati napiga pasi nepi za mtoto wetu. Kwa pasi ile ile. Pande zote.

Nawe kama umewahi kumlisha mdudu bila kumwalika, njoo utusimulie hapa chini, awe ruba, kupe au tekenya. Ila mnaotaka picha ya kovu, mniache.